Gurudumu la Kushoto

Mkokoteni wa baba ulikuwa na tabia.
Ukitoka lami, ukaingia mchanga wa uchochoro wetu Majengo
kwa mshazari,
gurudumu la kushoto likitangulia,
ulijipinda wenyewe.
La kulia bado lakimbia juu ya lami,
la kushoto limeshikwa mguu,
na magunia saba ya vitunguu yameshageuza uso
kabla baba hajaamua.
Alitukana kwa sauti ya chini, kisha akaomba toba.
Ukiingia wima, alisema, haupindi,
wapunguza mwendo tu.
Hiyo ndiyo fizikia yote aliyokuwa nayo
na aliijua kwa mabega.

Tudor, darasani, Mwalimu Ndolo alitumbukiza penseli
katika bilauri ya maji.
"Nani kanivunjia penseli?"
Wakacheka. Nikainua mkono:
Haijavunjika. Mwanga unatoka majini kwa mshazari,
gurudumu moja latangulia kuiona lami.
"Gurudumu gani, Mwanatumu?"
Nikaona haya kutaja vitunguu.

Siku hizi nina duka Makadara, mlango mmoja,
kati ya muuza viatu na fundi wa simu.
Ubao wa herufi ukutani. Kisanduku cha lenzi, mia na kitu.
Watu huja na mashtaka.
Seremala ambaye misumari imeanza kumkwepa.
Bi Shufaa mshona kofia: uzi na tundu la sindano hawasalimiani,
yeye azilaumu sindano za siku hizi.
Mtoto wa darasa la nne aliyeandikiwa "mvivu" mara tatu
kumbe ubao haujawahi kumfikia.
Nawawekea kioo mbele ya jicho, nageuza.
Hivi? Au hivi?
Hivi? Au hivi?
Kazi yangu ni kumwaga mchanga kiasi, mahali pake,
ili nuru ichelewe pale inapostahili kuchelewa.

Yule mtoto nilipomvisha miwani
aliutazama mwarobaini wa ng'ambo ya barabara, akasema:
"Kumbe una majani mojamoja."
Sikumtoza. Halafu nikajuta, kodi ilikuwa kesho.
Halafu sikujuta.

Baba alificha mwaka mzima.
Mtoto wa jicho: jina gani hilo,
kana kwamba jicho lilimzaa, likamlea,
hata akakaa mlangoni kuzuia wageni.
Chai ndiyo iliyomchongea. Aliimimina mezani,
akasema kikombe kimehama.

Ramadhani ile tulikaa darini tukitazama magharibi.
Jua letu halizami baharini, kadi za watalii hudanganya;
huzama nyuma ya matangi ya mafuta, Changamwe.
Nikamwambia: Baba, lile jua halipo.
Limeshakwenda. Hewa yaipinda nuru yake,
yatuinulia sura yake dakika mbili hivi.
Akanyamaza, tende mkononi.
"Kwa hivyo twamwona aliyekwisha kwenda."
Ndiyo.
"Na hewa yamnyanyua kidogo, tupate kumuaga."
Kitabuni haikuandikwa hivyo, nikasema.
"Basi mimi nitafungua kwa muadhini.
Kitabu chako hakifungi."

Daktari alimtoa lenzi aliyozaliwa nayo,
iliyokuwa imegeuka maji ya mchele,
akamtia nyingine, upana wa punje ya mbaazi.
Asubuhi bandeji ilipoondoka
alitazama mkono wangu, akatazama ukuta.
"Wamepaka rangi?"
Hapana, baba.
Akageukia dirisha, akakawia huko.
Chini, uani, kijana mmoja alisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji
kutoka saruji kuingia kokoto,
kwa mshazari.
Baba akashika ukingo wa kitanda,
bega la kulia likamtoka mbele.
"Wima," alinong'ona. "Ingia wima, mwanangu."

Gurudumu la kushoto lilikuwa limeshaingia.