Akiba Sifuri

Diski imekuja ndani ya soksi ya sufu,
soksi ya mguu mmoja, ya kijivu, inanuka moshi wa kuni.
Tsiala Gerliani ameshuka nayo kutoka Svaneti,
saa tisa za kona na makorongo, ameipakata kama kifaranga.
"Haijafa," akaniambia. "Imekuwa nzito tu. Nzito wa kuandika."

Fundi ni mimi, Nodari, chini ya ngazi za stesheni, Tbilisi,
chumba ambacho mtu wa tatu akiingia
wa kwanza sharti atoke.

Naichomeka. Skrini inaitambua:
jina lake, namba yake, terabaiti mbili kamili.
Kisha mstari wa chini,
akiba: sifuri.

Lebo mgongoni inasema megabaiti sitini na nne.
Lebo ni maneno ya mtu aliyekwisha kulipwa.

Nabadilisha kebo. Sifuri.
Nahamia tundu jingine, kisha kompyuta nyingine,
ile kongwe niliyoiweka kuwa shahidi.
Sifuri.
Natega sikio. Sahani zinazunguka bila kukwaruza,
ila kichwa kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi,
kama mpishi anayetumwa sokoni
kwa kila punje ya chumvi.

Skrubu sita. Naigeuza sakiti.
Pembeni kuna risasi mpya, inang'aa. Mkono wa mtu umepita hapa.
"Nani aliigusa?"
"Mjomba wa mume wangu, Kutaisi. Iligoma kuwaka. Lari thelathini."

Basi. Kile kipande cha miguu minane kinachobeba programu
kimeng'olewa kwenye diski ya jirani, karibu sawa, si sawa.
Programu inatafuta chipu ya akiba ya kwao ilikotoka;
hii iliyo mbele yake haiijui sura.
Imesimama mlangoni mwa ghala
na inaapa hakuna ghala.

Nina kabati la diski zilizokufa. Wafu wangu hukopesha.
Siku mbili nikatafuta toleo la saba,
nikalipata kwenye moja iliyozama na mafuriko,
nikaunga waya tatu, nikaandika upya, nikazima, nikawasha.

Sitini na nne!
Faili la dakika arobaini likapita kwa mbili.
Nikampigia simu, na sikuficha majivuno.

Tsiala akatazama. Akauliza, "Hiyo akiba hufanya nini?"
Nikamweleza: hupokea haraka, hukwambia *tayari*,
kisha huandika kwenye sahani kwa wakati wake.
"Kwa hiyo husema tayari kabla haijawa tayari."
"Sekunde chache tu, mama."
"Na umeme ukikatika ndani ya hizo chache?"

Nikashika bisibisi ambayo sikuwa na kazi nayo.

Usiku wa tarehe mbili Februari
alipima kina cha theluji mara nne, kwa tochi, kwa fimbo.
Ya nne aliiandika mlima ukiwa umeanza kunguruma.
Skrini ikasema *imehifadhiwa*.
Kisha mteremko ukashuka na nguzo zote za umeme.
Wakaja wakubwa na viatu visivyo na tope.
"Niliwaambia nilipima na nikatoa onyo. Wakaniuliza, iko wapi?"

Akiba haiozi, husemwa.
Hii yangu huoza kwa kufumba jicho.

"Izime," akasema.

Fundi gani hutengeneza kitu siku mbili
halafu akakizima kwa kidole kimoja?
Nilibishana naye. Nilimwonyesha zile dakika mbili.
Akanitazama tu, mtu aliyezoea kungoja theluji.
Nikaizima.

Akafungua daftari lake, akachapa kipimo kimoja:
sentimita mia mbili kumi na nne.
Akainama, sikio karibu na chuma.
Kichwa kikasogea. Tk.
"Hiyo nimeisikia," akasema,
akaanza kuitafuta soksi yake.

Siku ya pili sikumtoza.