Mbili na Arubaini

Garimoshi bila moshi,
mabehewa hayatoshi,
latoa Gede wapishi
hadi Malindi mjini.

Tikiti ni karatasi,
ya manjano, na nyepesi,
jasho laifuta kasi;
nauli ni ishirini.

Bosi wangu wa hazina
akaniita kwa jina:
"Tsuma, hasara naona,
nitafutie kiini.

Kila mtu akipanda
fedha za kodi zaenda.
Nani hasa anaponda
hizo hela mafichoni?"

Nikagawa, nikatoa,
kikokotoo chapoa,
jibu safi, bila doa:
mbili na arubaini.

Kwa kila mtu, ruzuku
hutolewa kila siku.
Nikabeba langu buku
nikaenda kituoni.

Nilitaka kumshika
mwizi, mate yamtoka,
nimwambie: "Haya, cheka!"
nimtie kitabuni.

Saa kumi, bado giza,
ndoo Nyevu asogeza;
mahamri atauza
penye lango la sokoni.

"Zamani hizo," kasema,
"bodaboda yanikama:
mia kwenda, mia nyuma,
faida yote njiani.

Sasa kilichosalia
miwani nimenunua,
uzi sasa nautia
peke yangu sindanoni."

Kalamu ikasimama:
safu haina alama
ya macho yenye uzima;
nikaandika: miwani.

Fondo, toka Msabaha,
viatu kavipa raha,
avibeba kwa madaha
kamba zake mabegani.

"Soli yadumu," asema,
"mwaka wa pili wazima;
mdogo wangu wa nyuma
atavivaa mwakani."

Na mmoja kalalia
viti vitatu, apoa;
haendi, anarejea,
ni feni aitamani.

Huyo nikamkazia
macho; naye kanambia:
"Usiku kucha, sikia,
nimelinda hotelini."

Hoteli ya nani? Hapo
harufu ikawa ipo:
ujira wake wa kopo
haujapanda thumuni.

Tajiri yake, Mabruki,
treni kwake haifiki,
vumbi letu halitaki,
akaa kiyoyozini.

Lakini bila kupanda
ndiye aliyetushinda:
wapishi na wanolinda
twamfikishia ndani.

Arubaini za Fondo,
za Nyevu, na za wa lindo,
nusu zashika mkondo
hadi kwake mfukoni.

Nami, kwa kadi ya kazi,
nilipanda waziwazi
bure. Mbona sijikazi
kujitia kitabuni?

Nikasema: "Sasa, bosi,
mwizi mwenye wasiwasi
humo ndani simhisi;
nimeikuta miwani.

Na barabara ya lami,
mwaka wa tisa, wa kumi,
twaiziba; hatusemi
hasara yake ni gani.

Taa za njia zawaka,
nani nauli ataka?
Mbona reli yatajika
pekee mahakamani?

Ila Mabruki alipe.
Tumdai, tusimpe
watu wa bure; atupe
sehemu ya hotelini."

Akatazama dirisha,
kikombe akazungusha.
"Bwana huyo," akabisha,
"yumo humo kamatini."

Kalamu akaiweka
mezani, bila kucheka:
"Nenda, mwanangu, andika
mbili na arubaini."

Nimeandika. Na kando
nimevichora vya Fondo
viatu, kamba na pindo
vikining'inia chini.

Atakayeikagua
dosari atadhania,
raba ataitumia;
alama yabaki ndani.

Jioni nikajipanga
nyuma ya mwenye kuchonga,
kadi bukuni nafunga,
nikatoa ishirini.