Donge la Staha

Vitumbua vya pweza vilikuwa kumi na sita,
sisi watano mezani, mjini Sakai,
siku ya arubaini na tisa tangu mjomba Gen'ichi afariki.
Kimoja kimebaki.
Kinapoa, mchuzi umeganda ubavuni kama nta,
na hakuna anayekitazama,
yaani sote tunakitazama.

Kina jina. Alinifundisha mama mkwe, Chizuko,
mwaka nilioolewa humu nikitokea kaskazini,
kwetu ambako chakula kikiisha kimeisha:
enryo no katamari.
Enryo ni ile "hapana, nimeshiba" ya mtu mwenye njaa.
Katamari ni donge,
kama la unga lililokataa kukorogeka.
Yaunganishe: staha za watu watano
zimegandamana, zikakaa sahanini.

Neno ni la chakula. Lakini mtaani
walimwita hivyo Gen'ichi mwenyewe,
"Donge hilo, linapita," naye huinamisha kichwa
kana kwamba amesifiwa kupita kiasi.
Kwenye picha zote yeye ni bega.
Alimpenda binti wa mfuma mikeka
miaka kumi na mmoja, akingoja wenye haraka watangulie.
Wakatangulia.
Mficha uchi hazai; hakuzaa.
Hospitalini, maumivu yalipompanda usiku,
hakubonyeza kengele.
Asubuhi akaniambia: muuguzi alionekana kachoka.

"Kuleni basi," anasema Chizuko.
"Wewe kwanza."
"Mimi? Mimi nimevimbiwa."
Shemeji Yasuhiro anakikata nusu kwa vijiti,
anameza upesi kama mwizi.
Nusu inabaki.
Mkewe anachukua nusu ya nusu.
Donge linapungua, haliishi.

Nikakusanya vyombo.
Jikoni, mgongo nimewapa,
bomba nimelifungulia lipige kelele,
nikakitia kinywani kile kipande kilichosalia:
baridi, tangawizi, pweza mgumu kama mpira.
Kitamu mno.
Hapo ndipo nilipomwelewa mjomba,
miaka yote ile, kila karamu,
akinyanyuka wa kwanza, akikunja mikono ya shati:
"Kaeni, kaeni.
Vyombo nitaosha mimi."