Orodha ya Saa Kumi na Moja

Mvua imekata saa tisa usiku.
Nimeisikia ikikata, kama mtu anayeacha kusema
katikati ya neno.
Nikajua: mlima umeshuka mjini.

Saa kumi na moja nipo yadi ya manispaa,
gambuti miguuni, tochi kwapani.
Baranyikwa yuko chini ya greda,
miguu yake tu ndiyo inayoonekana.
"Mpira wa haidroliki," inasema miguu.
Ni uleule aliofunga juzi kwa waya na dua.
Greda moja, Kigoma nzima.

Naandika orodha.
Kwanza Maweni, maana uchungu haungoji zamu.
Pili, njia ya soko.
Tatu, mteremko wa Mwanga,
ambako jana lori la mafuta liliteleza kinyumenyume
kama mtu anayeaga mbele ya mfalme.
Nne, nyumba za wakubwa, kule juu.
Ningewaweka wa tisa,
lakini simu imeshalia.
Kisha, kwa mwandiko mdogo, mitaa mingine:
nafasi ikipatikana.

Mimi naishi mitaa mingine.

Vibarua kumi na wawili, mabeleshi tisa.
Mwavita wa Ujiji haombi beleshi, amekuja na lake,
mpini mweusi kwa jasho la marehemu mumewe.
Anakwangua tope, anakwangua,
mpaka mstari mweupe wa lami unachungulia.
"Huyo hapo!" anasema,
kana kwamba amemwona mtoto aliyepotea sokoni.

Mdogo wangu Ntakije yuko nchi ya baridi,
na kazi yake ni hii hii, ya beleshi na alfajiri.
Alinitumia picha: barabara nyeupe,
gari lenye bamba mbele, kama kidevu cha mgomvi.
Huku, aliandika, tunamwaga chumvi njiani
ili theluji iyeyuke.
Nilimsomea mama.
Mama mzaliwa wa Uvinza,
ambaye baba yake alichemsha maji ya chumvi
hadi kope zikamwishia motoni.
Aliniomba nirudie.
Chumvi?
Njiani?
Waikanyage?
Hakusema tena hadi kesho yake.

Ntakije nilimjibu kwa kifupi:
yako ikipigwa jua inaondoka.
Yangu ikipigwa jua inakuwa tofali.

Na si utani. Saa mbili hawa hapa,
wafyatua matofali na matoroli yao,
wanazoa mchanga wa mfereji wetu.
Sheria inasema ni mali ya manispaa.
Mimi nazifunga kamba za gambuti
zisizo na kamba.
Kila toroli linaloondoka
ni safari moja ambayo Baranyikwa hatapiga.
Ipo nyumba Gungu, naijua ukuta kwa ukuta:
masika ya mwaka juzi ilikuwa barabara iliyoziba.
Mwenye nyumba akiniona hukosa salamu.
"Njia yenu mbovu," huniambia,
akiwa ameegemea njia yenyewe.

Saa saba mpira umepasuka, pale pale sokoni.
Mafuta yamesambaa rangi zote juu ya tope,
watoto wamekuja kuangalia upinde wa mvua.
Orodha imefika namba tatu na nusu.
Simu inalia. Naipokea, nasema kwa adabu zote:
"Mheshimiwa, leo nanyi ni mitaa mingine."

Jioni napanda kwetu, nimekwisha.
Na tazama! Njia imelimwa, safi,
kutoka kwa fundi cherehani hadi kisimani,
hakuna aliyeandika orodha, hakuna aliyepiga simu.
Tope lote wamelirundika
mlangoni kwangu, kimo cha kiuno.
"Si wewe ndiye manispaa?" anauliza jirani,
akinawa mikono.

Natafuta pa kupitia.
Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo,
wingu limeanza kukunja mikono ya shati.