Bisibisi Kwenye Taya

Dada yangu Danguolė ni kiziwi tangu utotoni,
na magari ya nusu ya mtaa wetu hapa Šiauliai
humletea yeye maradhi yao.

Januari ile Audi yangu kuukuu ilianza kulia.
Nikamweleza kwa vidole: inalia kama filimbi.
Filimbi ikoje? akauliza.
Kama birika likichemka.
Birika nalijua kwa mvuke, akajibu. Sema kingine.
Nikakosa. Mwenye masikio nilikuwa mimi,
na sikuwa na la kusema.

Gereji ya mjini walishanitajia euro mia mbili na themanini
kabla hawajafungua boneti.
"Alteneta nzima hiyo," alisema kijana,
macho yake yote kwenye simu.

Nje, digrii kumi na tisa chini ya sifuri.
Spana ikigusa ngozi haitaki kuiachia.
Washa, akaniashiria.
Akachukua bisibisi ndefu, ile ya mpini wa mbao,
ncha akaikita kwenye pampu ya maji,
mpini akaubana chini ya sikio, taya linapoanzia,
akafumba macho.
Akahamia puli ya kukazia mkanda.
Akahamia alteneta,
na hapo nyusi zikapanda.

Lakini Danguolė haamini jibu la kwanza, hata likiwa lake.
Zima. Akaulegeza mkanda, akauvua.
Washa, hesabu ishirini, usizidishe,
maji hayazunguki humo sasa.
Inalia?
Hailii.
Basi mwizi ni mmoja wa wanaovutwa na mkanda. Zima.

Akazungusha puli moja moja kwa kidole cha shahada,
taratibu, kama anayetafuta namba ya kasiki.
Pampu: laini. Alisita kidogo pale, kisha akapita.
Ya kukazia: laini.
Ya alteneta: akaushika mkono wangu, akauweka juu yake.
Mchanga. Naapa, kama wali
uliopikwa bila kuchambuliwa.
Beringi tu, akasema.
Euro tisa.

Nilipokimbilia nati nilipigwa kofi la kiganja:
waya hasi wa betri kwanza, mjinga wewe.
Alteneta tukaipandisha hadi jikoni, tukaitandikia magazeti.
Mama akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua.
Beringi ya zamani ilitoka kwa kivutio na matusi;
yangu ya mdomo, yake ya vidole,
na yake yalikuwa machafu zaidi.
Shafti ikalala roshanini usiku kucha, isinyae kwa baridi.
Asubuhi beringi mpya ikaingia ovenini pamoja na viazi,
moto wa wastani, mpira wake usiungue,
ikapanuka kiasi cha unywele,
na unywele ndio tuliouhitaji.
Ikateleza ikakaa, tii, bila nyundo.
Viazi vile tulivila. Vilinuka grisi kidogo.

Tukarudishia kila kitu, mkanda ukakazwa
hadi ukabonyea upana wa kidole gumba.
Nikawasha.
Kimya! nikamwambia. Kimya kabisa!
Akacheka mabega yakitikisika:
Karibu kwetu.

Kisha akachukua tena bisibisi, taya, macho kufumba.
Muda mrefu safari hii.
Kwenye barafu ya kioo cha mbele akaandika kwa ukucha:
PAMPU YA MAJI. MACHI.
Nikabisha. Nilitega sikio hadi likaniuma kwa baridi,
sikusikia chochote.

Tarehe mbili Aprili, njiani kwenda Panevėžys,
sindano ya joto ikapanda, mvuke ukanifunika.
Nikapiga picha ya dimbwi la kijani chini ya gari,
nikamtumia na neno moja tu: Aprili.
Akajibu kabla sijafunga boneti:
Ilianza Machi. Uliyechelewa ni wewe.