Funguo za Ghala la Keko

Barua ilikuja na mihuri miwili:
itafutwe nafasi ya mgambo wa kujitolea,
iwe na paa, iwe na choo, isiwe na kodi.
Mimi ni karani wa majengo, si jenerali.
Nikavuta droo, nikamwaga funguo mezani.

Kwanza tuliwapa uwanja wa shule, Chang'ombe.
Wiki haikwisha, Mwalimu Nasoro akaja juu:
watoto wakiitwa majina wanaitika "Afande!"
na kwenye goli la kaskazini limechimbwa handaki.
Nikaandika: ombi limezingatiwa.

Likabaki ghala la Keko, nyuma ya maseremala.
Zamani lilikuwa la katani. Vita vilipoanza
likapokea blanketi, maharage, viatu,
vitu ambavyo watu walivitoa
na kwao havikuwapo vingine.
Sasa vita vimekwisha, sukari nayo imekwisha,
na ghala linanuka magunia na mkojo wa popo.

Nilikwenda kulifungua na Sajini Mkude,
aliyerudi na mguu mmoja mfupi.
Kufuli lilikaidi. Tukalinywesha mafuta ya taa,
likaachia shingo upande, kama mtu anayeamshwa daku.
Ndani, ukuta mzima, kwa chaki na kwa makaa,
majina.
Vijana walilala hapa usiku mmoja
wakingoja treni ya Mwanza,
kila mtu akajiandika na mtaa wake.
Zamoyoni, Magomeni.
Lukonge, Temeke Mwisho.
Hiza, bila mtaa, kwa herufi kubwa kuliko kimo chake.
Huyu Hiza ana koti langu.

"Pakeni chokaa," Sajini alisema, akitazama paa.
Madebe mawili, kwa kibali, baada ya mwezi wa kusubiri.
Vijana wakaanzia juu, mkono mzito,
wakashuka, wakashuka, brashi ikakwaruza bati.
Chokaa ikaishia usawa wa magoti.

Jioni wanakuja: mfua bati wa Gerezani,
kuli wa bandarini, dada wawili wa kiwanda cha nguo
wenye nyuzi bado nyweleni.
Bunduki ni za mbao, kazi ya fundi Mwinchande,
ambaye kwa penseli ile ile
hupima vitanda na majeneza.
Mguu sawa! Nyuma geuka!
Vumbi la katani linaamka, wote wanapiga chafya.
Kisha pushapu. Ghala ni finyu,
wa mstari wa mbele hukaribia kugusa ukuta kwa paji,
na pale paji linapofika ndipo majina yalipobaki.
Mfua bati huhesabu kwa sauti:
moja, Lukonge; mbili, Zamoyoni;
tatu, anakata pumzi, tatu, Hiza.
Sajini anamsikia. Anajifunga kamba ya kiatu.

Jana wameuliza tena, madebe mengine lini?
Yamefika tangu Jumanne.
Yako chini ya meza yangu, nayakanyagia miguu
ninapowaandikia jibu.