Tundu Kwenye Barafu

Bwawa letu hapa Silesia halikuchimbwa na mtu.
Ardhi ilizama yenyewe, mwaka niliozaliwa,
baada ya babu zetu kuchokonoa makaa ya mawe chini yake
hadi ikabaki tupu kama jino bovu.
Sasa kuna matete, kuna bomba la maji ya moto
linalokwenda kwenye maghorofa yetu,
na kando ya bomba theluji huyeyuka kwanza.
Kiraka tu, kati ya reli na gereji za mabati.
Lakini muulize mwenye baridi thamani ya kiraka.

Nafika kabla jua halijaamua,
nikitoka zamu ya usiku kiwandani, kwenye mikate,
nyusi nyeupe: usiniulize upi ni unga, upi ni umande ulioganda.
Nina darubini ya shangazi Otylia, yenye ukungu jicho la kushoto,
na daftari la miraba.
Nahesabu. Sipigi picha.
Bata vichwa-kijani: mia mbili na kumi na wawili.
Shakwe: themanini, wote wameelekea upepo mmoja
kama watu kwenye foleni ya benki.
Korongo: mmoja, yuleyule, na hasira zake zilezile.

Wincenty hahesabu.
Lenzi yake nene kama paja la mwanamieleka, kaivisha soksi ya kijani;
hulala kifudifudi juu ya ubao saa tatu
kwa ajili ya nukta moja ya sekunde.
Miaka sita tulisalimiana kwa kidevu.
Moyoni nilimwita mwindaji asiye na njaa.
Yeye, nilikuja kusikia, aliniita karani wa bata.

Siku moja tu alinionyesha kioo kidogo nyuma ya kamera:
mdiria, juu ya toroli la duka kuu lililozama,
samaki mdomoni, tone likiachana na mkia wake,
na bluu ile isiyoonekana popote mtaani kwetu
ila kwenye moto wa jiko la gesi.

Kisha nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Betri zikafa mifukoni.
Bwawa likajifunga kama dirisha la ofisi saa ya chakula.
Bata unaweza kuwatupia mahindi. Mdiria humtupii kitu:
anataka maji, na ndani ya maji kitu hai.

Jumatano nikamkuta Wincenty hana kamera.
Ana mtaimbo. Anapasua barafu chini ya toroli,
tundu la ukubwa wa meza, mvuke ukimtoka mgongoni.
“Usiku litaziba,” nikasema.
“Najua.”
“Sasa?”
“Sasa kesho.”

Alhamisi nikaja na chuma cha kuchokorea tanuri.
Ijumaa akaja na chupa ya supu ya bitiruti;
tukainywa kwa zamu, kifuniko kimoja,
viganja vimetoka malengelenge.

Jumamosi, kutoka kwenye matete, akatoka yule wa kahawia,
alaye kwa siri, aliaye kama kitoto cha nguruwe,
ambaye miaka yote nimemwandika kwa sauti tu.
Mdomo mwekundu. Akatembea hadi ukingo wa tundu letu,
akatutazama kama tunamdai, akanywa.
Mkono wa Wincenty ukaruka kifuani, pale kamera huning'inia,
ukakuta skafu.
Akacheka bila sauti, mabega matupu yakitikisika,
na mimi, karani, nikasahau kuandika saa.

Jumapili nikafungua daftari.
Bata, mia moja na tisini.
Shakwe, nimeshindwa, wameruka.
Mdiria: nikachora sifuri.

Wincenty akavua glovu kwa meno,
akaninyang'anya penseli,
akaikata ile sifuri mstari, polepole, kwa mkono wa mtu asiyezoea kuandika,
akaweka pembeni yake: bado.

Tukaokota vyuma vyetu.
Barafu ya usiku ule ilikuwa nene kama mkate.